Siku tuliyomkimbilia mjomba Muscat

Simu ilikuja tumetoka tu kusali alfajiri, anapiga mtoto wa mjomba yuko Muscat, mama kusikia innalillahi akakaa chini palepale ukumbini. Kaka'ke mkubwa kafariki. Hata machozi hajayafuta akaniuliza, mwanangu tukiondoka sasa hivi tutamkuta hajazikwa? Wenyewe kule washasema baada ya laasiri.

Nikapiga hesabu. Unguja mpaka Muscat ni kama kilomita 3,900, ndege ya moja kwa moja inakwenda saa tano na kitu, na Omani wako mbele yetu saa moja, yaani ukiruka saa moja asubuhi unatua saa saba na nusu mchana kwa saa zao, unawahi kabisa. Lakini sisi tuko Wete! Pemba hakuna ndege ya Omani, lazima kwanza ushuke Unguja, kilomita kama 125 kwenda kusini wakati Muscat iko kaskazini. Viza tunazo, tulishapanga kwenda kumuona mgonjwa, tiketi wakakata watoto wake kulekule, tukakimbilia uwanja wa Chake na nafasi tukapata kwenye kindege cha mchana. Angani nusu saa tu, kukingojea ndiko kulikotumaliza, na Unguja tukangoja tena mpaka jioni. Laasiri ya Muscat imeshapita tumekaa kwenye viti na pasipoti mkononi, simu ikaingia kuwa washamzika. Mie mpaka leo nasema zile kilomita 125 ndizo zilizotunyima mazishi, sio 3,900, na wagonjwa na wafiwa wangapi wa Pemba wanapitia haya haya.

Mama hakusema kitu, kashika tasbihi yake. Baadae ndio akanihadithia kwamba babu alikuja huku na jahazi kwa upepo wa kaskazi, wiki kadhaa baharini, na kurudi huwezi mpaka kusi ianze kuvuma mwezi wa nne huko, zama hizo mtu anakufa Omani, anazikwa, anasomewa hitma, nyinyi huku bado mnamtumia salamu.

Tumeruka jua halijazama, haukupita muda mama kanishika mkono, tizama dirishani. Pemba hiyo chini, misitu na vidau pwani, maana kisiwa chetu kiko njiani hasa ukitoka Unguja kwenda Muscat. Siku nzima tumehangaika kuondoka pale na sasa tunapita juu yake! Hapo ndio akalia kweli, nami nikalia.

Tumefika usiku, nyumba imejaa watu, wanawake wakampokea wakamkalisha kati yao. Alichoomba ni kimoja tu, apelekwe makaburini asubuhi, na baada ya alfajiri wakampeleka.