Picha ya mtu inauzwa: igeuze kwanza

Muuzaji wa picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi ya mafuta atakuonyesha uso, kisha jina la mchoraji, kisha bei. Wewe omba kuigeuza. Mgongo wa picha haukutengenezwa upendeze, ndiyo maana mchoraji huonekana huko alivyo hasa: ana subira au ana haraka, anajua vifaa vyake au anabahatisha.

Tazama kitambaa. Kanvasi ya kitani ina nyuzi zisizolingana unene, na hapa na pale utaona vifundo vidogo. Ya pamba ina nyuzi zilizolingana. Pamba si dhambi kwa picha ndogo, lakini kwenye picha kubwa hulegea upesi kuliko kitani. Kilicho muhimu zaidi ni madoa. Ukiona mabaka ya kahawia yaliyopenya kutoka mbele, kama mafuta ya maandazi yanavyopenya karatasi, jua kitambaa hakikuzibwa kabla ya kupakwa rangi. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo kwenye rangi yanapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula nyuzi polepole hadi zinakatika. Mchoraji makini hupaka kwanza gundi ya kuziba, halafu tabaka mbili au tatu za jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi, na kila tabaka husuguliwa kwa msasa laini.

Kwenye pembe za fremu ya ndani, tafuta kabari ndogo za mbao. Kanvasi ikilegea, kabari hugongwa kidogo na kitambaa kinakaza tena. Fremu iliyofungwa kwa misumari bila kabari haina nafasi hiyo. Pitisha kidole pia kwenye ukingo wa mbao unaoelekea kitambaa: unapaswa kuwa umechongwa mshazari ili usikiguse. Usipochongwa, baada ya miaka utaona mstari ulionyooka ukijitokeza mbele, mara nyingi ukipita begani au juu ya nywele.

Sasa rudi mbele, ukiwa na tochi. Usiimulike picha moja kwa moja. Shika tochi pembeni, karibu na ukuta, mwanga upite juu ya rangi kama jua la jioni juu ya shamba. Kila mwinuko na kila ufa utajitokeza.

Nyufa si za aina moja, na kosa kubwa la wanunuzi ni kuziogopa zote kwa kiwango kimoja. Nyufa nyembamba zenye kingo kali, zinazofika hadi kwenye jeso, ni za umri. Zinazozunguka kama utando wa buibui ni za kugongwa. Zinazotoka pembeni kwa mshazari ni za kitambaa kilichovutwa sana. Za kutia wasiwasi katika picha mpya ni zile pana, laini kingoni, zinazoachia rangi ya chini ionekane. Hizo ni kosa la mchoraji mwenyewe.

Chanzo chake ni hiki. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kufyonza oksijeni ya hewani, na kila rangi ina mwendo wake. Amba, ambayo ni udongo wa kahawia wenye manganizi, hushika ndani ya siku moja au mbili. Nyeusi ya mifupa huweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Ukipaka rangi inayokauka haraka juu ya inayokauka polepole, ya juu huwa ngumu wakati ya chini bado inasogea, kisha hupasuka. Ndiyo sababu ya kanuni ya mafuta machache chini, mengi juu: tabaka la kwanza huyeyushwa kwa tapentaini, la pili hutumia rangi jinsi inavyotoka kwenye tyubu, na la mwisho huongezewa mafuta kidogo. Chunguza nywele nyeusi na koti jeusi, kwani hapo ndipo kanuni hii huvunjwa mara nyingi.

Hata mabingwa walikosea. Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Royal Academy, chama cha wasanii cha London kilichoanzishwa mwaka 1768, alipenda rangi nyekundu zilizopauka haraka, hata nyuso alizozichora zikabaki nyeupe kama chokaa wakati yeye mwenyewe yu hai. Alitumia pia lami kwenye sehemu za giza, nayo haikauki kabisa. Hujikunja ikawa kama ngozi ya mamba. Leo rangi ya kujihadhari nayo ni nyekundu ya alizarini, inayopauka, ambayo kwenye tyubu huandikwa kwa namba yake, PR83. Mchoraji akiwa hai, mwombe orodha ya rangi alizotumia pamoja na namba hizo. Anayezijua atakujibu bila kusita. Na hakikisha tunazungumzia rangi ya wasanii, si ile rangi ya mafuta ya milango na madirisha: hiyo hugeuka njano na kukatika kama ganda la yai.

Uso wenyewe ndio sehemu tamu kuliko zote. Katika mkono uliofunzwa vizuri, vivuli ni vyembamba na vya joto, kiasi cha kuona tabaka la chini likipumua, na mwanga ni mnene, umewekwa kwa pigo moja la brashi na kuachwa. Kwenye ngozi nyeupe, paji la uso huelekea njano, mashavu na pua wekundu, taya kijivu au kijani hafifu, hasa kwa wanaume. Nyeupe ya jicho si nyeupe; ni kijivu, na iko gizani kidogo chini ya kope. Nukta za mwanga katika macho mawili zinapaswa kutoka upande mmoja. Baada ya hapo tazama sikio, shingo na mikono, kwa kuwa mchoraji aliyechoka huchoka hapo kwanza. Mkono uliofichwa mfukoni bila sababu, au vidole vilivyo kama soseji, vinaeleza mengi.

Picha iliyonakiliwa kutoka kwenye fotografia hujitambulisha. Mstari wa nje ni mkali kila mahali, vivuli ni vyeusi tu bila rangi ndani yake, pua ni kubwa na masikio ni madogo kwa sababu kamera ilikaa karibu mno. Sioni ubaya kutumia fotografia, ila mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Kibaya kabisa ni chapa ya mashine juu ya kanvasi, iliyopakwa jeli angavu ili ionekane ina alama za brashi. Chukua kioo cha kukuzia mara kumi: ukiona nukta ndogo za wino, au mikwaruzo ya brashi isiyofuata umbo la shavu, ondoka.

Sahihi nayo ikaguliwe kwa kioo hicho hicho. Rangi yake ikiwa imetiririka ndani ya nyufa, iliandikwa baada ya picha kuzeeka. Ukipata taa ya mionzi ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti, vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani, na viraka vya rangi vilivyoongezwa baadaye juu yake huonekana vyeusi. Kwa kazi ya bei kubwa, maabara hupima rangi zenyewe. Wolfgang Beltracchi wa Ujerumani, mghushi wa picha aliyehukumiwa mwaka 2011, alinaswa kwa sababu nyeupe ya titani ilikutwa katika picha iliyodaiwa kuchorwa na mchoraji Heinrich Campendonk mwaka 1914, na wakati huo nyeupe hiyo haikuwa bado mikononi mwa wachoraji.

Kama picha ni mpya, uliza ilimalizika lini. Rangi iliyo kavu kwa kidole bado si kavu ndani. Vanishi ya kawaida husubiri miezi 6 hadi 12. Ikipakwa mapema, hunasa kwenye rangi na haitaweza kuondolewa siku ya kusafishwa. Wakati wa kuisafirisha, plastiki ya mapovu isiguse rangi hata kidogo, maana huacha alama za duara zisizofutika. Weka kwanza karatasi laini isiyoshika, kisha kadibodi, kisha plastiki hiyo nje.

Mwombe muuzaji karatasi yenye jina la mchoraji, mwaka, vipimo, aina ya kitambaa, rangi na vanishi. Katika nchi nyingi kununua picha hakukupi haki ya kuichapisha kwenye kadi au fulana. Haki hiyo hubaki kwa mchoraji hadi mwandikiane vinginevyo. Nyumbani itundike mbali na jua la moja kwa moja, na mbali na ukuta unaotoa unyevu. Funika mgongo kwa ubao mwembamba uliofungwa kwa skrubu kwenye fremu, si kwenye kanvasi. Vumbi litoe kwa brashi laini iliyo kavu. Viazi, mkate na kitambaa chenye maji, ambavyo wengine husafishia picha, viache jikoni.