Nilivyoshona pembetatu ya Pascal kwa shanga za rangi tatu

Pembetatu ya Pascal ni ile ya namba: pembeni moja tupu, na ndani kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Kwanza kabisa, msiandike namba. Mwalimu mmoja wa hesabu alinishauri niijaze pembetatu yote kwenye daftari, kila namba nigawe kwa tatu, kinachobaki ndicho kinipe rangi: moja nyekundu, mbili buluu, sifuri nyeupe. Katikati ya safu ya 27 pana 10,400,600. Nani agawe hilo huku ameshika sindano?

Mimi nimeshona kwa jicho. Kila ushanga unakaa chini, katikati ya shanga mbili za juu, basi hizo ndizo wazazi wake. Pembeni siku zote nyekundu. Ndani, nyekundu mbili huzaa buluu, buluu mbili huzaa nyekundu, nyekundu na buluu huzaa nyeupe. Nyeupe haina kauli: mtoto hufuata rangi ya mzazi wa pili, na wazazi wote wakiwa weupe naye ni mweupe. Ukizidi kushuka, pembetatu nyeupe zinajitokeza zenyewe, kubwa kwa ndogo, zote kichwa chini.

Muuzaji Kariakoo alitaka nichukue rangi zote sawa kwa sawa. Nikamkatalia kwa madaha, maana hesabu ninayo: safu 27 zinakula shanga 378, yaani nyeupe 162, nyekundu 140, buluu 76 tu. Shilingi elfu chache zikatosha, na uzi wa nailoni humohumo. Zile za bei chee zenye unene usiolingana ziacheni, safu inapinda mpaka hujui nani kamzaa nani.

Sasa njooni kwenye uhondo. Safu ya 9 na ya 27 lazima ziende nyekundu, buluu, nyekundu, buluu mpaka mwisho, bila nyeupe hata moja. Ya 9 ilitii. Ya 27, kufika ushanga wa nne kutoka kushoto, nikaona nyeupe, kisha buluu tatu mfululizo, kisha nyeupe tena! Kumbe umeme ulipokatika binti wa kaka yangu alishika sindano. "Shangazi, nilikusaidia kidogo tu." Wapi? Hakumbuki.

Shoga yangu akasema fumua yote uanze upya. Thubutu! Rangi ikikosewa mahali pamoja, kosa linashuka huku likitanuka pande mbili, nalo linachora pembetatu yake. Nikachomeka pini kwenye ushanga wa kwanza ulioharibika, wa nne, na nyingine kwenye wa mwisho, wa nane. Nikapanda mshazari kutoka kila pini kuelekea ndani. Mishazari ikakutana safu ya 23: buluu imekalia kiti cha nyekundu. Nikafumua kurudi hapo tu, usiku uleule nikairudishia. Shoga mpaka leo anadhani nilibahatisha.

Niliishia safu ya 27. Ya 28 ni nyekundu mbili za pembeni na nyeupe 26 katikati, na kushona nyeupe tupu mie hunipa usingizi.