Siku moja maishani mwangu: askari wa hifadhi asiye na bunduki

Nikisema mimi ni askari wa hifadhi watu wanawaza bunduki na majangili. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni na kuwafundisha, silaha zangu ni kamba, redio kolu na mdomo basi.

Saa 11 na nusu alfajiri. Naipita njia peke yangu kabla wageni hawajafika, naangalia matawi yaliyoanguka, nyuki, nyoka. Leo nimekuta nyayo za tembo karibu na maji, kingo zake bado kali na hata mdudu hajapita juu yake, maana yake hawajaenda mbali. Nikaita kwenye redio, wenzangu wakawaona ng'ambo ya mto wanaenda zao, nikazungushia nyayo vijiti zisikanyagwe.

Saa 3, basi la shule. Watoto 46, na swali la kwanza ni lilelile la kila siku, "Afande, simba yuko wapi?" Sijui simba yuko wapi! Amelala mahali, kama kawaida yake.

Saa 4 tuko kwenye nyayo. Ya mguu wa mbele ni duara, ya nyuma imerefuka kama yai. Nikampa binti mmoja kamba azungushie ile ya mbele, tukapata mita 1 na sentimita 30 hivi, nikawaambia zidisheni mara mbili, hapo ndipo linapofika bega lake. Tukapima kwenye mti, nikapanda jiwe nikafunga kitambaa, wote wakainua shingo wakanyamaza kimya. Halafu yuleyule binti akauliza, "na kama aliteleza kwenye tope?" Aisee. Kweli ile nyayo ilikuwa imetanuka upande mmoja na mimi sikuiangalia vizuri, ikabidi tutafute nyingine kwenye udongo mgumu, kitambaa kikashuka vidole vinne. Miaka yote hii kazini nasahihishwa na mtoto wa darasa la nne, na nimefurahi kweli.

Saa 5 na nusu ni zamu ya mavi. Tembo hasagi chakula vizuri tumboni, zaidi ya nusu ya anachokula kinatoka, ukivunja donge unaona nyasi, vijiti, mbegu nzima. Aliyeziba pua wa kwanza ndiye tuliyembembeleza kuondoka.

Mchana ripoti. Fomu inauliza wageni walikuwa wangapi, haiulizi walijifunza nini, naijaza tu.

Saa 1 usiku, matembezi ya watu wazima. Tochi nyekundu ili macho yazoee giza, na kila mara kuna mmoja anawasha flashi ya simu tunaanza upya. Nikawasimulia wale mbawakawa wanaosukuma madonge ya mavi, watafiti waliwavisha vikofia wasione anga wakaanza kuzungukazunguka, na mwaka 2013 wakaandika kwamba hata ukanda wa nyota wa Njia ya Maziwa, yaani ile njia nyeupe angani, unawatosha kwenda moja kwa moja.

Tukirudi, baba mmoja mrefu akamulika kitambaa mtini akauliza ni cha nini. Nikamwambia. Akanyoosha mkono, hakukifikia, akaangalia gizani nyuma yake kisha akaja kutembea karibu yangu.