Thawabu za Mlima Shatrunjaya

Shemeji amerudi kutoka Makka pamoja na mama yake mzazi, na tangu warudi nyumba haijakauka wageni. Juzi jioni mama huyo alikuwa akisimulia jinsi alivyotufu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na kijana wa kukodi kwa sababu magoti hayamwezi tena, ndipo binti yangu akamkatiza: "Na yule aliyekusukuma, Bibi, naye ni haji?" Watu wazima walicheka, kisha wakamweleza yale ambayo masheikh wamekwisha kuyaeleza: kwamba mwenye udhuru hutufu akiwa amebebwa na ibada yake ikasihi, na kwamba kila mtu hulipwa kwa nia yake. Mimi sikucheka. Swali hilo nimeishi nalo tangu nilipokuwa mwanafunzi Bhavnagar, mji wa jimbo la Gujarat huko India, na aliyeniachia hakuwa Mwislamu.

Aliyeniachia ni mama mmoja wa Kijaini, dini ya kale ya India, niliyemwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Alizaliwa Tanga, akaolewa Tanga, akaondoka na mumewe baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, na Kiswahili chake kilibaki kile cha barazani, hakikuguswa na miaka yote aliyoishi Gujarat. Niliposikia kwa mara ya kwanza mama wa Kihindi aliyejifunika sari nyeupe ya ujane akiniitikia "Marahaba, mwanangu" katikati ya soko la mboga, nilijua kwamba nimepata kwetu. Msimu ule wa baridi alikuwa na neno moja tu: apande tena mlima Shatrunjaya, kule Palitana, kabla hajafumba macho.

Kwa Wajaini wa madhehebu ya Shvetambara hakuna mlima mtakatifu kuliko huo. Wanaamini kwamba Adinath, wa kwanza miongoni mwa Tirthankara 24 walioonyesha njia ya kujinasua kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, aliupanda mara nyingi mno, na mapokeo yao yanaifungamanisha idadi ya safari zake na 99. Ndiyo maana wapo mahujaji wanaokaa Palitana kwa majuma kadhaa ili wapande na kushuka mara 99, wakihesabu kila safari kwa uangalifu mkubwa. Njia ya kupandia imejengwa kwa ngazi za mawe, zaidi ya 3,000, na juu kuna mamia ya mahekalu ya marumaru na mawe, mengi yakiwa yamejengwa upya kuanzia karne ya 16 baada ya yale ya kale kubomolewa vitani. Hakuna binadamu anayelala huko, hata makuhani. Jua likikaribia kuzama kila mtu hushuka na kilele huachwa peke yake. Chakula hakipandishwi, ngozi haivaliwi, na katika miezi ya mvua hija husimama ili mahujaji wasikanyage viumbe wadogo wanaojaa njiani. Watu wanaoogopa kumuumiza sisimizi: hilo lilinigusa kuliko uzuri wote wa marumaru, na nawaomba mlikumbuke mnapoendelea kusoma.

Tulilala kwenye nyumba ya mahujaji chini ya mlima, tukala kabla ya magharibi chakula kisicho na kitunguu wala kiazi, na kabla ya alfajiri tukawa tumefika mwanzo wa ngazi, mahali ambapo mahujaji husali kwanza. Hapo ndipo wachukuzi wanaposubiri. Kwa kuwa Ba hakuweza kupanda hata ngazi za nyumbani kwake bila kupumzika, mwanawe aliyeko London alikuwa amesisitiza kwamba abebwe. Chombo chenyewe wanakiita doli, nasi tungekiita machela: kiti kidogo cha kusukwa, kilichoning'inizwa kwa kamba kwenye miti ya mianzi, ambayo ncha zake hukaa mabegani mwa wanaume wanne. Bei hutegemea uzito wa anayebebwa. Walimtazama Ba, wakakubaliana haraka; alikuwa amebaki mifupa na imani.

Nilipanda kando yake. Giza liliondoka polepole, na nyuma yetu nchi tambarare ya Saurashtra ikaanza kuonekana pamoja na mto Shetrunji. Wachukuzi walikwenda kwa mwendo wa pamoja, fimbo mkononi, wakikata ngazi kwa mshazari ili mwinuko usiwaelemee. Ba alishika tasbihi yake na midomo ilikuwa ikicheza. Nilimwona ana furaha ya msichana.

Tulipofika kwenye moja ya vituo vya maji waliishusha machela ukutani ili wapumzike. Mchukuzi wa mbele, mwanaume wa makamo mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, alikitoa kile kitambaa kilichokunjwa alichokuwa amekiweka begani, na kwa kuwa Ba alikuwa amewekwa juu ya ukuta, bega lile lilikuja kuwa mbele ya macho yake kabisa, umbali wa mkono. Lilikuwa na nundu. Nyama imejikusanya pale mwanzi unapokaa, ikawa ngumu, nyeusi, inayong'aa, kubwa kama nusu ya chungwa. Pembezoni ngozi ilikuwa imechubuka na kupona mara nyingi hata ikawa na rangi mbalimbali. Alichota maji kwa kiganja, akaimwagia, akaipapasa kidogo, akatulia. Hakuwa akimwonyesha mtu yeyote.

Vidole vya Ba vilisimama juu ya tasbihi. Alimuuliza kwa Kigujarati, nami kwa kile kidogo nilichokuwa nimejifunza nilifuata.

"Umeanza lini kupanda?"

"Kabla sijaota ndevu, Ba." Naye alimwita Ba, kama nilivyomwita mimi.

"Na umepanda mara ngapi?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Siku za watu wengi napanda mara mbili. Kuhesabu, sijahesabu."

Wakati ule ule msichana mmoja aliyevaa mavazi meupe alitupita akiwa peku, macho yameinama, na Ba akanong'ona kwamba huyo yuko katika zile safari zake 99. Alimfuatilia kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, ili wale wanaume wasisikie: "Huyu wa bega, mwanangu, tisini na tisa zake amezipita mara ngapi?"

"Nyingi, Ba."

"Na mimi nimemkalia."

Akataka kushuka. Wachukuzi walishtuka, kwani hujaji anayeshuka njiani huenda akataka kupunguza malipo, na yule mzee kuliko wote alianza kulalamika. Ba akaapa kwamba atalipa yote, hata senti moja haitapungua. Nilimshika mkono wa kulia, akashika ukuta kwa wa kushoto, akapanda. Ngazi ya kwanza, ya pili, akatweta. Ya tatu, ya nne. Alikuwa akihema kwa sauti na uso umekuwa wa majivu, lakini hakutaka nimwambie neno. Mara magoti yakakataa, akakaa pale pale juu ya jiwe, huku mahujaji wakimpita pande zote mbili. Mwenye bega alikuja akainama, akamnyanyua bila kusema kitu, akamrudisha kwenye machela. Ba alilia njia nzima iliyobaki, kilio kisicho na sauti, na mimi nilitembea kimya kwa kuwa sikuwa na la kumwambia.

Ya kileleni nitayapitia mbio. Karibu na juu kuna kaburi la Angar Pir, walii wa Kiislamu ambaye watu wa pale husema aliulinda mlima usiharibiwe, na wanawake wasiojaliwa watoto humwekea vitanda vidogo vidogo vya kubembelezea watoto. Ba aliwasimamisha wachukuzi akaniambia nisome Fatiha, nikasoma. Tuliingia kwa lango la Ram Pol, tukapita kundi la mahekalu lililojengwa karne ya 19 na Motisha, tajiri wa Bombay aliyejaza bonde lililokuwa kati ya vilele viwili ili apate mahali pa kujenga. Ba akamtazama Adinath wa marumaru mwenye macho makubwa yanayong'aa. Hakukaa muda mrefu kama alivyokuwa ameota. Tuliposhuka, chini ambako mahujaji hupewa kiburudisho baada ya safari, alikataa kugusa sahani yake mpaka wachukuzi wote wanne walipopata chao.

Jioni ile alikwenda kwa watawa wa kike, nikamsindikiza, na baadaye akanieleza yale niliyoyakosa. Aliuliza moja kwa moja thawabu ya safari ile ni ya nani. Mtawa, mwanamke kijana kuliko nilivyotarajia, alimjibu kwa mafundisho ambayo Wajaini wengi wanayajua tangu utotoni: mwenye kutenda, mwenye kusababisha litendwe na mwenye kuliridhia moyoni, wote watatu huvuna tunda moja. Kwa hiyo asihuzunike. Safari ni yake, na ya aliyembeba, na hata ya mwanawe aliyelipa akiwa London.

Nilidhani amepata faraja. Ba alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na lile bega? Maumivu yake nayo tumeyavuna sote?"

Mtawa hakumkwepa. Alisema ndiyo, kwa kanuni hiyo hiyo. Alisema pia kwamba ndiyo sababu wao huenda nchi nzima kwa miguu, lakini hata miguu huua visivyoonekana, na kilichobaki kwa mwanadamu ni kuwa mwangalifu na kuomba msamaha.

Kesho yake tulikuwa turudi Bhavnagar kwa basi la asubuhi. Ba hakukubali. Tulikwenda kumtafuta mwenye bega, tukaambiwa amekwisha kupanda na mtu mwingine, na Ba akakaa kwenye ukuta wa wachukuzi akisubiri mpaka jua likawa kali. Aliposhuka, Ba alikunja viganja mbele yake akamwomba msamaha kwa maneno wanayoyatumia Wajaini. Yeye si Mjaini. Aliona haya, akainama akagusa miguu ya Ba, kisha akamuuliza kama leo anataka kupanda tena. Ba akasema hapana, akamtolea pesa sawa na nauli ya jana. Akakataa. Hajabeba kitu, alisema, hawezi kulipwa. Walibishana pale kwa muda, wachukuzi wengine wakisikiliza kwa makini, mpaka mwanaume yule akasema atazipokea kwa sharti moja: mchana akipanda, atamsujudia Adinath kwa niaba ya Ba.

"Sujudu kwa niaba yako," Ba alimwambia.

Akajibu kwamba atafanya yote mawili, akazipokea, akaenda kukaa kwenye foleni.