Siku moja ya mwogeleaji wa nne

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko ufukweni Shangani, hapa Mtwara mjini. Ni malelezi, kusi imekata na kaskazi haijaanza, bahari imetulia. Leo ni bamvua, maji yamejaa mpaka juu, kwa hiyo hatuendi mbali kutafuta kina. Wavuvi wanaorudi wameshatuzoea, ila hakosekani wa kuuliza, "Dada, kila siku kuoga tu?" Namjibu, "Kaka, hii ni kazi." Naogelea fristaili katika timu ya kupokezana: wanaume wawili, wanawake wawili, mita 100 kila mmoja. Mimi huingia wa mwisho.

Tunaogelea sambamba na ufukwe, kwenda na kurudi, mpaka kocha apige filimbi. Saa mbili naingia ghalani kupima korosho, magunia na mizani mpaka saa tisa. Kuogelea hakujanipa mshahara.

Jioni ndiyo yenyewe. Bahari inatupa pumzi na mabega, lakini haina ukuta, na ushindi wa kupokezana hupatikana au hupotea ukutani. Anayesubiri juu ya jukwaa la kurukia anaruhusiwa kuinama na kurusha mikono mwenzake akiwa bado anakuja, mradi vidole vya miguu visiachie jukwaa kabla mkono wa mwenzake haujagusa. Mitambo ya mashindano makubwa huvumilia sekunde 0.03 tu. Ukiwahi zaidi ya hapo timu nzima inaondolewa, pamoja na wale waliofanya kila kitu sawasawa. Ukichelewa, umetupa jasho lao. Ndiyo maana, hata katika timu za wanaume watupu au wanawake watupu, ni muda wa mwogeleaji wa kwanza peke yake unaoweza kuandikwa kuwa rekodi ya dunia ya mtu binafsi. Sisi wengine tunaondoka mwili ukiwa tayari kwenye mwendo.

Kwa hiyo tunalihitaji bwawa, na bwawa tunaloruhusiwa kutumia ni la hoteli, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Leo tumefika kwa wakati, tumeshanyoosha viungo, msimamizi akasema tusubiri kidogo, kuna wageni wanapiga picha. Tukakaa kwenye sakafu, mimi nimejifunga kanga juu ya vazi la kuogelea. Picha zikaisha, wakaletewa vinywaji. Vinywaji vikaisha, watoto wakaingia majini na maboya. Kocha akamfuata msimamizi kwa upole, akajibiwa, "Kwani nyinyi si mnacheza tu? Bahari yote ile ipo." Neno hilo liliniuma kuliko mabega. Misuli iliyopashwa moto ikishapoa inabidi uanze upya, na mtu aliyeamka alfajiri hana akiba ya kuanza upya mara nyingi.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akaja kuniuliza kama Tanzania ina waogeleaji. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Paris 2024 Collins Saliboko na Sophia Latiff waliogelea kwa bendera yetu." Kila mmoja aliogelea peke yake. Kupata wanne wenye kasi kwa wakati mmoja ndiyo kazi ngumu, na ndiyo kazi tunayoifanya sisi. Yule mama akawaita wanawe watoke majini. Namshukuru mpaka sasa.

Jua lilikuwa linazama. Mdogo wetu wa timu alikuwa amekasirika, anataka kwenda nyumbani. Kocha akamkumbusha Beijing 2008, mita 100 mara nne: Jason Lezak wa Marekani aliingia wa mwisho akiwa nyuma ya Alain Bernard wa Ufaransa, akamkuta mwishoni kabisa na kugusa mbele kwa sekunde 0.08. Timu yake ilitumia dakika 3 na sekunde 8.24. "Pengo kama hilo," kocha akasema, "unaweza kulipoteza kwa kusinzia tu pale juu."

Kuanzia hapo sikuangalia saa tena. Taa ya bwawani ni moja, na mimi humsoma anayekuja kwa mikono yake: mikono mitatu ya mwisho ndiyo inayoniambia niiname lini. Yeye naye hatakiwi kupunguza kasi wala kuinua kichwa kuvuta hewa anapokaribia ukuta. Gizani nilimkisia. Kocha akasema rudia, tukarudia. Vidole vilikuwa vinauma kwenye ukingo wa saruji, macho yanawasha kwa klorini, halafu ikaja moja safi: mkono wake umegusa na mimi nimeshaondoka, nikasikia kocha anapiga makofi nikiwa bado chini ya maji. Tukafanya nyingine, nayo ikakaa. Msimamizi akazima taa.

Nimerudi Chikongola kwa bodaboda na nywele mbichi, nimekula kiporo cha ugali wa muhogo na samaki, na sasa hivi ninaandika barua kwa hoteli: saa zetu zibaki zetu, tuko tayari kusafisha bwawa kila Jumapili asubuhi kama malipo. Wenzangu watatu wamekubali. Kesho ufukweni kocha ataisaini.