Banda la uyoga wa mamama, siku ya 41: vumbi kwenye karatasi nyeusi

Mifuko 12 ya mabua ya mtama, imebaki 9. Mitatu imeota ukungu wa kijani, nikaitoa jana usiku na kuifukia mbali na dirisha, maana upepo wa Agosti hapa Nkuhungu, Dodoma, hauna adabu. Vita yangu ni unyevu. Magunia yaliyoloweshwa nimetundika madirishani, sakafu naimwagia maji asubuhi, mchana na jioni, na bado kofia za pembeni zinakauka kingo.

Lakini karatasi imekubali! Juzi nilikata kofia moja iliyokomaa, nikailaza juu ya karatasi nyeusi, zile kuta nyembamba za upande wa ndani zikitazama chini, nikafunika na bakuli. Kulipokucha nikakuta michirizi myeupe yenye uzambarau kwa mbali, imefuata kuta zote moja baada ya nyingine. Ndizo spora, chembe ambazo uyoga huzaliana kwazo. Moja moja huzioni, mpaka zirundikane.

Mpwa wangu wa kidato cha tano akachungulia. "Anko, si ndiyo sporojenesisi hiyo?"

"Umechelewa, mjomba."

Neno ni la Kigiriki, vipande viwili. Spora ni kusia mbegu, na pia mbegu yenyewe. Mzizi huohuo umetupa diaspora, ndugu zetu waliotawanyika ng'ambo. Jenesisi ni kuzaliwa au chanzo, na ndilo jina la Kigiriki la kitabu cha Mwanzo. Basi sporojenesisi ni kule kuzaliwa kwa spora. Zilizodondoka karatasini zilikwisha kuzaliwa zamani.

Zinazaliwa kwenye zile kuta, katika seli ziitwazo basidia, yaani vikalio vidogo. Ndani ya basidia viini viwili huungana kuwa kimoja, kisha meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu, hukigawa vikawa vinne, na kila kimoja huingia kwenye spora yake inayochomoza nje, nchani. Hazifungiwi ndani kama spora za ukungu mweusi wa mkate. Huo ndio wenye sporanjia, neno lenye maana ya chombo cha spora, na mimi kwa miezi nilikuwa nikiitaja sporanjia ya uyoga bila aibu.

"Na ule wa kijani?"

Nao huzaa spora, ila zile zilizonichafulia mifuko hutokana na mitosisi tu, mgawanyiko wa kawaida wa seli, nakala tupu, hakuna viini vilivyoungana. Huitwa konidia, kutoka neno la Kigiriki la vumbi. Mtu wa Dodoma hahitaji maelezo zaidi hapo.

Karatasi iko ndani ya bahasha. Viazi vya kutengenezea lishe ya kuoteshea ninavyo, agari, ile ya mwani ya kuigandisha, bado naitafuta.