Ubao wa misumari wa baba mdogo

Mwaka 2010 nlikuwa Bukavu, mashariki ya Kongo, mwaka wa tatu kemia chuo kikuu, na prof wetu wa biokemia alikuwa na kawaida ya kugawa mada za ekspoze, yaani somo unaloandaa na kulieleza mbele ya darasa, kwa vikaratasi, unatia mkono kwenye bahasha unatoa chako na huruhusiwi kubadilishana na mwenzio. Mmoja alitoa insulini, mwingine hemoglobini, mimi nafungua changu nakuta "kingamwili zinazofanya kazi ya enzimu". Nikamwendea, nikamwambia prof hii sijawahi hata kuisikia, akafungua mkoba akanipa fotokopi za makala mbili za jarida la Science la 1986, Kiingereza kitupu, zimefifia na pembeni maneno yamekatika, akasema jumatatu saa nne nakungoja.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza lakini kwa kamusi ya kuazima nlikuwa nafika. Shida haikuwa Kiingereza. Kingamwili tunaijua wote, mtoto akichanjwa surua mwili wake unatengeneza kingamwili, na siku kirusi kikija zinakikamata na kukishikilia, basi. Kazi yake ni kushika. Enzimu yenyewe kazi yake ni kubadilisha, inapokea kitu inakikata au inakiunga, inaachia, inapokea kingine, mfano ile iliyo kwenye chembe nyekundu za damu inayogeuza kaboni dayoksaidi ili damu iweze kuibeba, molekuli moja tu inamaliza kama milioni moja kwa sekunde. Sasa kitu cha kushika kinageukaje kuwa kitu cha kukata? Na sisi tangu sekondari tumekaririshwa ile ya Emil Fischer ya 1894, kufuli na ufunguo, enzimu ni kufuli na kile inachokifanyia kazi ni ufunguo. Nlikuwa nalala nawaza, ufunguo ukiingia vizuri kwenye kufuli unatulia humo, haukatiki vipande viwili.

Ndani ya fotokopi kulikuwa na majina mawili ya wakubwa, Linus Pauling na William Jencks. Pauling miaka ya 1940 alisema enzimu haikai sawasawa na kile unachoipa, inakaa sawasawa na kile kitu kikiwa katikati ya kubadilika. Jencks mwaka 1969 akaongeza kwamba kama ni hivo, basi ukiweza kutengeneza kingamwili inayoshika ile hali ya katikati, lazima nayo itafanya kazi kama enzimu. Nlisoma hiyo sentensi labda mara ishirini. Maneno yote nliyaelewa, na bado sikuona kitu.

Jumamosi nikaenda chantiye, kwenye ujenzi. Baba mdogo alikuwa fundi wa kukunja vyuma vya betoni na wikendi alikuwa ananichukua kama kibarua, hela yenyewe ndogo ila ndiyo ilinilipia fotokopi na daftari. Walikuwa wanajenga nyumba ya ghorofa kule Nguba chini karibu na ziwa, kwa hiyo asubuhi mimi nateremka toka Kadutu kwa miguu, jioni napanda, na matope ya mvua ya usiku. Siku hiyo injinia alikuwa amebadilisha vipimo, ubao wa zamani wa misumari wa kukunjia vyuma haufai tena, baba mdogo akaanza kutengeneza mpya na mimi nimechuchumaa pembeni namshikia misumari.

Hapa nataka nieleze pole pole kwa sababu ndiyo penyewe. Alichukua kipande cha mbao ngumu, kirefu kama mkono. Akachukua chuma kimoja cha milimita sita kilichokwisha kukunjwa umbo la U, hicho ndicho mfano wa injinia, akakilaza juu ya ubao. Alafu akaanza kupiga misumari kukizunguka, mmoja ndani ya kona, mwingine nje ya kona, mwingine nje ya mguu, hadi kile chuma kikawa hakichezi. Akakichomoa. Ikabaki misumari imesimama peke yake inazunguka nafasi tupu, ukiangalia unaona umbo la U pale pasipo na kitu. Akachukua chuma kilichonyooka, akakilaza juu, hakiingii kabisa, kinakaa juu ya vichwa vya misumari kama kijiti. Akakisukuma katikati, akavuta mguu mmoja kwa bomba, akavuta wa pili, na pale kilipopinda tu kikazama chenyewe kati ya misumari, tap.

Nikamwambia baba mdogo, ngoja kwanza. Akaniangalia, nini, umejiumiza? Nikasema hapana, rudia tena, nataka kuona. Akarudia.

Ndiyo nikaona. Misumari ingekuwa imekaa sawasawa na chuma kilichonyooka, ubao ungekishika vizuri sana na kisingepinda milele, mkono wako ungekuwa unapigana na chuma na misumari pia. Ubao unasaidia kwa sababu unakitaka chuma kikiwa kimepinda. Na namna ya kuupata ubao kama huo ni kuanza na mfano uliokwisha pinda na hauwezi kurudi kunyooka, unaacha misumari ijipange kuuzunguka.

Usiku ule nliwasha tochi nikarudi kwenye karatasi na kila mstari ukafunguka. Walikuwa wanavunja esta kwa maji, esta ni molekuli ya asidi iliyoungana na alkoholi. Maji yakishambulia ile karboni ya esta, inatoka kwenye umbo bapa la mikono mitatu inakuwa ya mikono minne, na oksijeni moja inabeba chaji hasi, lakini hali hiyo inapita haraka mno, huwezi kuiweka kwenye chupa ukamchoma mnyama ili mwili wake uitengenezee kingamwili. Basi wakatumia fosfonati, molekuli yenye fosforasi mahali pa ile karboni. Fosforasi yenyewe ina mikono minne tangu mwanzo, ina ile chaji hasi, inafanana na hali ya katikati ila imetulia, haivunjiki. Ndiyo kile chuma cha injinia. Kikundi cha Richard Lerner kule La Jolla, California, walitengeneza kingamwili za kushika fosfonati ya namna hiyo, na kwa kuwa molekuli ndogo hivo mwili wa mnyama hauishtukii, desturi ni kuifunga kwanza kwenye protini kubwa, mara nyingi ile ya konokono wa baharini. Kundi la Peter Schultz wa Berkeley wao walichukua kingamwili iliyokuwa inajulikana tayari kwamba inashika kitu cha aina hiyo. Makundi mawili, kila moja na njia yake, mwaka mmoja, jarida moja, na zote zilifanya kazi. Yaani mwili wa panya, ambao haujui kemia, umepiga misumari kuzunguka mfano na ukatoa enzimu ambayo haikuwahi kuwepo duniani. Nlikuwa peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Jumatatu nikapanda na ubao kwenye mfuko wa saruji, baba mdogo aliniazima kwa sharti moja, saa saba uwe umerudi. Umeme ulikuwa umekatika, hakuna projekta, sikujali. Nikachora ubaoni kwa chaki, alafu nikatoa ule wa misumari, nikachukua chuma kilichonyooka nikavuta mbele ya wote. Kikazama vizuri. Nikataka kukitoa ili niweke cha pili, hakitoki. Nakivuta hakitoki, kimejitanua kidogo kimekaba misumari ya nje, darasa linaanza kunong'ona na mimi jasho.

Prof akasimama. Akasema kijana, acha, usikitoe. Akaja mbele akaushika ubao akawageuzia wote, akasema angalieni, huu ndio ugonjwa wa hizi kingamwili. Akaeleza kwamba nyingi zinafanya kazi alafu kile zilichokitengeneza kinabaki humo humo kwa vile kinafanana bado na ule mfano, nafasi haifunguki kwa kingine. Ndiyo sababu moja ya kingamwili za hivi kuharakisha kazi mara elfu au mara milioni hivi tu, wakati kuna enzimu ya asili, ile inayoondoa kaboni dayoksaidi kwenye molekuli moja iitwayo orotidini, bila yenyewe nusu ya kazi ingechukua miaka milioni 78, na yenyewe inaifanya ndani ya sekunde. Enzimu inashika hali ya katikati, sawa, lakini pia ina asidi na besi zake zimekaa pale pale panapohitajika, saa ingine na madini, na inajua kuachia. Nliandika kila neno nikiwa nimesimama, daftari juu ya goti.

Saa saba kasoro nlikuwa Nguba. Baba mdogo akaupokea ubao, na kile chuma bado kimekwama humo, akauliza ilikuwaje. Nikamweleza yote hadi ugonjwa ule, na kwamba Marekani wasomi wakubwa nao wanahangaika nao. Akasikiliza hadi mwisho, hakucheka. Akageuza ubao upande, akaangalia msumari wa nje wa mguu wa kulia, akasema hapa nliukaza sana, mimi mwenyewe. Akaupiga nyundo mara mbili kwa ubavu, ukalala nje kidogo kama upana wa ukucha, chuma kikadondoka chenyewe chini.

"Lete kingine."